Sayyidna Umar Katika Mwaka wa Majivu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunamkumbuka Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), khalifa wa pili, tukimtazama katika jambo moja: namna alivyokuwa na raia zake yalipowafika mazito.

Sayyidna Umar alizaliwa Makka katika kabila la Kuraishi, akasilimu kabla ya Hijra, akashika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria (634 Miladia). Mwaka wa 18 (639) mvua zilikatika Hijazi. Ardhi ilikauka na upepo ukarusha vumbi mfano wa majivu, ndipo mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Watu wa jangwani waliacha malisho yao wakamiminika Madina kutafuta chakula.

Amirul Muuminina hakuificha njaa ile. Aliwaandikia magavana wake akiwaeleza hali ilivyo na kuwataka msaada, na misafara ya chakula ikaja kutoka Sham. Aliamuru wanaolishwa wahesabiwe, na imepokelewa kuwa usiku mmoja walifika 7,000. Nafsi yake aliizuilia samli na nyama, akala mkate na mafuta mpaka rangi yake ikabadilika. Mtumishi wake alipomnunulia samli na maziwa kwa bei ghali, aliamuru vitolewe sadaka, akieleza kuwa hawezi kuzijali hali za raia ikiwa yeye halimpati linalowapata. Kisha alitoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Sayyidna Abbas, ami yake Mtume, aombe dua, na mvua ikanyesha.

Zama hizo hizo tauni ya Amwas iliingia Sham. Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda huko, na alipofika Sargh akapewa habari hiyo. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, nao kwa kauli moja wakashauri watu warejeshwe. Hapo akatangaza mbele ya wote kuwa asubuhi atarudi Madina. Abu Ubaida, gavana wake na sahaba mtukufu, alimpinga hadharani, akiuliza kama huko si kuikimbia kadari. Khalifa hakumnyamazisha. Alimjibu kwa hoja kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bondeni akakuta upande mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Mungu. Kisha akafika Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume inayokataza kuingia penye tauni na kuikimbia mtu akiwa ndani yake. Sayyidna Umar akamhimidi Mola wake, akarudi.

Tuzingatie, ndugu zetu. Watu walimsadiki kwa kuwa walimwona ana njaa kama wao, na walijua kila uamuzi umetoka wapi kwa kuwa ulijadiliwa mbele yao. Mtawala akificha maradhi au njaa, raia huachwa na uvumi, na uvumi huua kama tauni. Akija kusema kweli baadaye, hakuna wa kumsikiliza.

Sayyidna Umar alichomwa jambia katika sala ya Alfajiri, mwaka wa 23 (644). Akiwa kitandani alimwamuru mwanawe Abdallah ahesabu madeni yake na kuyalipa, na jambo la ukhalifa akaliachia shura ya masahaba sita. Hata kufa kwake kulikuwa kwa hesabu iliyo wazi.

Nasi kila mmoja ni mchunga. Baba na mama wakipatwa na dhiki, wasiwadanganye watoto wala wasile kwa siri. Wawaeleze kwa kadiri ya akili zao, washirikiane uchache uliopo. Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wakweli, nasi atujaalie ukweli majumbani mwetu. Amin.