Mathias Mnyampala wa Ihumwa: Mshairi Aliyeipa Hadhira Sauti ya Pili



Askofu anapofika parokiani kutoa Sakramenti ya Kipaimara, mara nyingi watoto husimama mbele yake kwa ngonjera. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na waamini wanapiga makofi. Wachache miongoni mwetu wanakumbuka kwamba anayetajwa na wengi kuwa mwasisi wa fani hiyo alikuwa mwana wa Ugogo na Mkatoliki, Mathias Mnyampala. Tunayapitia maisha yake kwa sababu yanatufundisha tofauti iliyopo kati ya kupeleka ujumbe na kuwasiliana.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Utotoni alichunga mifugo, kisha akasoma kwa wamisionari Wakatoliki. Lugha yake ya mama ilikuwa Kigogo, Kiswahili alijifunza. Kwa nyakati mbalimbali alikuwa mwalimu, karani, liwali na hakimu, na kazi ya hakimu humzoeza mtu kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kikahifadhi kwa maandishi yale ambayo wazee waliyarithishana kwa mdomo.

Katika miaka hiyo, wataalamu wa Marekani walikuwa wakitafuta kielelezo cha mawasiliano ya binadamu. Mwaka 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa mitambo ya simu, aliyachora kama mstari: ujumbe unatoka kwenye chanzo, unapita njiani penye kelele zinazoweza kuuharibu, unamfikia mpokeaji. Mwaka 1954 Wilbur Schramm aliukunja mstari huo ukawa duara: mpokeaji naye hutafsiri alichosikia na kurudisha jibu, na watu huelewana kwa kadiri maisha yao yanavyokutana. Baadaye, mwaka 1970, Dean Barnlund alikwenda mbali zaidi, akionesha kwamba wanaozungumza hutoa na kupokea kwa wakati mmoja, na maana huijenga pamoja.

Hatusemi kwamba Mnyampala alivisoma vielelezo hivyo. Lakini kazi zake zinatusaidia kuvielewa.

Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Mnyampala alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Humo sauti ni moja: mshairi anasimulia, wengine wanasikiliza. Huo ni mstari, nasi hatuudharau, kwa maana Habari Njema sharti itangazwe. Hata hivyo, mshairi alimfikiria msikilizaji wake. Alichagua utenzi, umbo lililolelewa na washairi Waislamu wa Pwani na kupendwa na wasemaji wa Kiswahili, ili Enjili iwafikie watu kwa namna waliyoizoea. Hapo alikutana na wazo la Schramm: anayetaka kueleweka huanzia mahali ambapo msikilizaji amesimama.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere aliwaomba washairi wawaeleze wananchi siasa mpya. Mnyampala, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA, aliitika kwa ngonjera. Katika ngonjera, asiyejua au mwenye shaka hubishana kwa beti na mwenye kujua, na mwishowe hupatana. Msikilizaji, ambaye katika utenzi alikaa kimya, sasa amepewa mdomo. Mnyampala alifariki dunia mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka kitabuni baada ya kifo chake, zikaenea mashuleni.

Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa. Katika ngonjera, maswali na majibu yote yametungwa na mtu mmoja. Mwenye shaka hushindwa kwa sababu imeandikwa ashindwe. Ndiyo maana wako wahakiki waliodai kwamba fani hii ilitumika zaidi kuhubiri siasa kuliko kujadiliana. Kwa macho ni duara. Kwa ndani ni mstari uliogawanywa kwa sauti mbili. Nasi tunaona kwamba hoja hiyo haimwondolei Mnyampala heshima yake: alikiri mbele ya umma kwamba mwenye shaka anastahili kusikika. Hatua iliyobaki ni yetu.

Hatua hiyo inaanzia katika jumuiya zetu ndogondogo na katika familia. Mara nyingi tunasoma Neno, mmoja anaeleza, wengine wanaitika, nasi tunadhani tumeshirikishana. Sikukuu ijayo, watoto watakapomaliza ngonjera yao, tuwapigie makofi, kisha tuketi nao tuwaulize swali ambalo halimo katika beti zao. Jibu watakalolitoa hakuna aliyewaandikia, nasi tuwe tayari kulipokea.