Mwalimu Nyerere na haki ya mwananchi kumiliki makazi

KINAMPANDA, Singida

Kinampanda, wilayani Iramba, inafahamika kwa chuo chake cha ualimu. Ni mahali panapostahili kumkumbuka Julius Kambarage Nyerere, mwalimu aliyeacha kufundisha mwaka 1955 ili aongoze harakati za uhuru, na ambaye maamuzi yake kuhusu ardhi yangali yanaigusa kila familia inayokusudia kujenga.

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuifanya ardhi kuwa mali binafsi ya kuuzwa na kununuliwa. Alihofia kwamba maskini wangeuza kwa shida, wenye fedha wangejilimbikizia, na wananchi wangegeuka wapangaji katika nchi yao.

Baada ya uhuru, hofu hiyo iliongoza sera. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sheria ya mwaka 1972 ikaanzisha Benki ya Nyumba Tanzania, ili mfanyakazi na mkulima wapate mkopo wa kujengea.

Si kila hatua ilizaa matunda yaliyokusudiwa. Katika Operesheni Vijiji, familia nyingi nchini zilihamishwa kwa shuruti, zikaacha nyumba zao kabla makazi mapya hayajakamilika. Benki ya Nyumba nayo ilielemewa na mikopo isiyorejeshwa, ikafungwa mwaka 1995. Ilidhihirika kwamba ardhi na fedha pekee havitoshi. Mwenye kujenga anahitaji pia kuelewa haki zake, gharama na masharti ya deni.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na mmoja wa mawaziri wake. Mwaka 1975 Nyerere alimteua Tabitha Siwale kuongoza wizara iliyosimamia ardhi na nyumba. Mwaka 1989 Siwale alikuwa mwasisi wa WAT, asasi isiyotafuta faida, ambayo imewaelimisha wanawake na familia za kipato cha chini kuhusu umiliki wa ardhi, ujenzi wa nafuu na mikopo ya nyumba.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999. Mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizohifadhi msingi alioutetea: ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa sheria hizo, mwanakijiji huomba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Kwa familia ya Kinampanda inayotaka kubadili tembe kwa nyumba ya matofali, urithi huo una maana ya moja kwa moja. Ushauri hutafutwa kabla ya kutia saini: mipaka ihakikiwe, hati ipatikane, mume na mke wakubaliane, na marejesho yapimwe kwa mavuno ya mwaka mbaya, si ya mwaka mwema pekee. Nyumba iliyopigwa mnada humrudisha mwenyewe kwenye upangaji ambao Mwalimu aliuhofia tangu 1958.