Knute Rockne na Sekunde Moja ya Kusimama



Leo sileti maisha ya mtakatifu. Knute Rockne hajatangazwa mtakatifu, na hata mapadre waliomzika walijua kasoro zake. Alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu cha Kikatoliki, mtu mwenye maneno mengi na ujanja mwingi, na kuna siku chumvi ilizidi kwenye hadithi alizowapa wachezaji wake. Nitafika huko. Nimemchagua kwa sababu ya jambo moja: sheria ya mchezo ilipobadilishwa na kumbana yeye kuliko wengine, alifanya nini?

Alizaliwa Voss, Norwei, tarehe 4 Machi 1888, katika familia ya Kilutheri. Akiwa na miaka mitano familia ikahamia Chicago. Chuo hakukiona mapema. Alifanya kazi posta kwa miaka kadhaa akiweka akiba, na mwaka 1910, umri wa miaka 22, ndipo akaingia Notre Dame, Indiana. Chuo hicho ni cha Shirika la Msalaba Mtakatifu, lile ambalo ndugu zetu wa Uganda wanalifahamu vizuri, maana mapadre wake walifika kwao mwaka 1958. Basi fikiria: Mlutheri, mhamiaji, mkubwa kuliko wenzake darasani, nywele zimeanza kumtoka, anaishi bweni moja na vijana wa Kikatoliki.

Sasa, kabla ya kuendelea, lazima tuuelewe mchezo wenyewe, maana bila hivyo huyu mtu haeleweki. Sahau soka kidogo. Huu ni ndugu wa raga: mpira unabebwa mikononi, na timu inapewa majaribio ya kusogea mbele. Siku hizi ni majaribio manne ya kupata yadi 10. Ukishindwa, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana adhabu za mchezo huu nyingi hazipigwi kama penalti yetu. Zinapimwa kwa ardhi. Ukikosea, refa anauchukua mpira na kuusogeza upande unaokuumiza, yadi 5, 10 au 15 kulingana na uzito wa kosa. Kama goli liko karibu mno, yadi zote haziwezi kuingia, anapunguza nusu ya umbali uliobaki.

Na kuna kanuni moja ambayo mimi binafsi inanigusa. Mara nyingi timu iliyokosewa ndiyo inayoulizwa: mnaitaka hii adhabu au mnaiacha? Kwenye soka refa anapeta mwenyewe akiona umepata faida. Kule nahodha wa waliokosewa anaweza kusema tuiache, mchezo uendelee palipofikia. Nilipoisoma mara ya kwanza nikakimbilia kufikiria msamaha wa Injili, halafu nikajicheka, kwa sababu hesabu ni rahisi: wanaiacha pale tu wanapofaidika zaidi kwa kuiacha. Msamaha wa aina hiyo hata sisi tunaujua.

Turudi nyuma kidogo, 1905. Rockne ni kijana wa miaka 17 pale Chicago. Mchezo wakati huo ulikuwa wa kusukumana kwa makundi. Wachezaji walishikana, wakamsukuma na kumvuta mwenzao mwenye mpira kupita katikati ya ukuta wa watu. Vijana walikuwa wanakufa. Magazeti yalihesabu vifo takriban 18 mwaka huo mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuwataka wausafishe mchezo, na vyuo vingine vilianza kuuacha kabisa.

Mwaka 1906 sheria zikaandikwa upya. Majaribio yalikuwa matatu ya kupata yadi 5. Sasa ikawa yadi 10, ili timu zilazimike kutawanyika badala ya kubanana. Pia pasi ya kwenda mbele ikaruhusiwa. Lakini jamani, iliruhusiwa kwa woga! Ukirusha mpira ukaanguka bila kuguswa na mtu, unaupoteza, unakuwa wa wapinzani. Chuo kikuu cha Wajesuiti cha Saint Louis ndicho kilichojaribu kwanza, Septemba 1906, na pasi yao ya kwanza ilianguka chini hivyohivyo. Wakaurudisha mpira kwa wapinzani, halafu baadaye katika mechi ileile wakarusha tena na wakafunga.

Kulegeza hakukuja kwa siku moja. Mwaka 1910 wakapiga marufuku kumsukuma na kumvuta mwenye mpira. Mwaka 1912 wakaongeza jaribio la nne, uwanja ukafupishwa kutoka yadi 110 hadi 100, na ule mpaka wa kutorusha pasi zaidi ya yadi 20 ukaondolewa. Kazi hiyo haijaisha mpaka leo. Mwaka 2013 vyuo vilianza kumtoa uwanjani mchezaji anayemgonga mwenzake kichwani kwa kumlenga, pamoja na adhabu ya yadi 15. Video ikionyesha refa amekosea, mchezaji alirudishwa, lakini zile yadi 15 zilibaki palepale! Yaani huna hatia, lakini faini lipa. Mwaka uliofuata wakaona aibu, wakarekebisha.

Rockne alikuwa miongoni mwa waliosoma mabadiliko ya 1912 na kuyaelewa. Kiangazi cha 1913, yeye na rafiki yake Gus Dorais walipata kazi Cedar Point, ufukwe wa Ziwa Erie huko Ohio, wakawa wanafanya mazoezi mchangani: Dorais anarusha, Rockne anakimbia na kudaka. Tarehe 1 Novemba 1913, Sherehe ya Watakatifu Wote, Notre Dame isiyojulikana ikaenda kucheza na jeshi, West Point. Wanajeshi walitegemea nguvu. Vijana wa Indiana wakarusha mpira juu ya vichwa vyao, wakashinda 35 kwa 13. Hawakuvunja sheria hata moja. Walikuwa wameisoma tu vizuri kuliko wenzao.

Ufukweni hukohuko alikutana na Bonnie Skiles, wakafunga ndoa 1914. Akabaki chuoni akifundisha kemia na kusaidia timu, na mwaka 1918 akawa kocha mkuu.

Ushindi wake mwingi ulitoka kwenye mwendo mmoja. Wachezaji wanne wa nyuma walijipanga, kisha ishara ikitolewa wanaruka wote pamoja, kwa mdundo kama wacheza ngoma, wanahamia upande mmoja, na papo hapo mpira unaanzishwa. Wapinzani wanashtuka, bado hawajahama. Sheria ilisema wahamaji wasimame kwanza. Lakini kusimama ni nini? Mguu ukigusa chini ni kusimama? Kila refa alikuwa na jibu lake. Wapinzani wakalalamika kwamba vijana wa Rockne walikuwa tayari mwendoni mpira unapoanza, na mtu aliye mwendoni anagonga kwa nguvu zaidi.

Hapo katikati kuna jambo lilimtokea ambalo halihusu mwendo huo. Rockne mwenyewe alisimulia kwamba kabla ya mechi moja kubwa ya ugenini hakupata usingizi, akashuka mapema kwenye ukumbi wa hoteli. Alfajiri ile akawaona wachezaji wake wakitoka wawiliwawili wakiwahi Misa. Akaenda nao. Akawaona wakipanga mstari kwenda kukomunika, vijana waliokuwa wameacha masaa ya usingizi ambayo yeye kama kocha alikuwa anawasisitizia. Hakuna aliyemhubiria. Tarehe 20 Novemba 1925, Padre Vincent Mooney akampokea katika Kanisa Katoliki, ndani ya kikanisa cha magogo pale chuoni. Siku iliyofuata akapokea Komunyo ya Kwanza pamoja na mwanawe. Baba mwenye miaka 37, kocha anayejulikana nchi nzima, amepiga magoti katikati ya watoto.

Ungedhani baada ya hapo akawa malaika. Wapi! Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1926, aliidharau timu ya Carnegie Tech, akawaachia wasaidizi wake mechi na kwenda zake Chicago kuangalia mechi nyingine. Vijana wake wakafungwa 19 kwa 0. Na 1928 aliwasimulia wachezaji wake ombi ambalo George Gipp, nyota wao aliyefariki Desemba 1920 akiwa amepokelewa Kanisani kitandani pale hospitalini, angekuwa amelitoa akikata roho: kwamba siku timu ikizidiwa waombwe kushinda kwa ajili yake. Walishinda kweli, 12 kwa 6. Lakini wanaochunguza historia wengi wana shaka kama Gipp aliwahi kuomba kitu kama hicho. Mimi pia nina shaka.

Basi ikaja 1927. Kamati ya sheria ikaweka namba: baada ya kuhama, wachezaji wote wasimame kabisa, angalau sekunde moja, ndipo mpira uanzishwe. Ukikosa hiyo sekunde, refa anakurudisha nyuma. Sheria haikutaja Notre Dame, lakini kila mtu alijua inamlenga nani.

Rockne alikasirika. Alipinga waziwazi. Kwake ilikuwa kama kumkataza bondia asimhadae mwenzake kwa mkono. Nimeifikiria sana hasira hiyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jamii na kutangazwa. Ukiipima ya 1927 kwa mizani hiyo, naona inapita. Namba ni bora kuliko jicho la refa mmoja, na mchezo ambao vijana walishauawa ndani yake una haki ya kumpunguzia kasi anayegonga. Lakini naona pia kwamba sheria inaweza kuwa ya haki na bado ikaonja wivu wa wale walioipigania. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo utii unapouma. Kutii sheria unayoipenda, hiyo si kazi. Kengele yetu ya seminari ya asubuhi imenifundisha hilo zaidi ya vitabu.

Alichofanya ni hiki: alibishana mezani, na uwanjani alisimama. Mwendo haukutupwa. Ilibidi mdundo wote ufundishwe upya, kuruka, kutua, kutulia, ndipo kwenda. Ukiwa umezoea kuondoka mara moja, sekunde ni ndefu mno. Jaribu kuihesabu sasa hivi.

Matunda hayakuonekana haraka. Mwaka 1928 ulikuwa mbaya kuliko yote, alipoteza mechi nne. Mwaka 1929 uwanja mpya ulikuwa unajengwa, timu haikuwa na nyumbani, mechi zote zikachezwa nje. Juu ya hayo mguu wake ukapata ugonjwa wa mishipa wa kutishia maisha, madaktari wakamwambia alale. Ilipofika zamu ya Carnegie Tech, ile timu aliyoidharau, alikwenda mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wakashinda 7 kwa 0. Mwaka ule walishinda mechi zote tisa. Mwaka 1930 wakashinda zote kumi. Zote kwa sheria ya kusimama. Jumla ya kazi yake ya ukocha ni ushindi 105, vipigo 12, sare 5.

Machi 1931, Juma Kuu, alikuwa safarini kwenda Los Angeles. Alipitia Kansas City, ambako wanawe wawili walikuwa wanasoma shule ya bweni, akitumaini kuwaona. Treni yao ikachelewa, akapanda ndege bila kuwaona. Ilikuwa Jumanne, tarehe 31. Karibu na Bazaar, Kansas, bawa la ndege lilikatika. Lilikuwa la mbao, gundi ndani imelegea kwa unyevu, na hakuna mkaguzi aliyeweza kuiona bila kulifungua bawa. Wote wanane walikufa. Wengi husimulia kwamba alikutwa na rozari.

Kabla ya hapo serikali ilizoea kuficha sababu za ajali za ndege. Safari hii watu walikataa kunyamazishwa, kwa kuwa aliyekufa alikuwa Rockne. Matokeo ya uchunguzi yakatangazwa, ndege za aina ile zikasimamishwa zikaguliwe, na mashirika yakaanza kuachana na mabawa ya mbao na kutafuta ndege za chuma. Sheria za anga zikabadilika, kama za mpira baada ya 1905, wakati makaburi yalikwishachimbwa.

Alizikwa Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili. Padre Charles O'Donnell, rais wa chuo, alihubiri katika kanisa la Moyo Mtakatifu, mbele ya Bonnie na watoto wao wanne. Waliobeba jeneza ni sita kati ya wale vijana wa 1930, walewale aliowafundisha kuhama pamoja na kusimama pamoja.