Baden-Powell na Shanga Mbili za Mti

Nyumbani kwangu, juu ya rafu ya vitabu, pana kamba nyembamba ya ngozi yenye shanga mbili za mti. Wageni wanaoingia kunijulia hali huitazama kwa jicho la pembeni. Mzee mmoja jirani yangu, tuliyesoma naye chuoni tangu alifu-bee-tee, alinivuta kando siku moja baada ya sala ya alasiri akaniuliza kwa upole tangu lini nimeanza kufuga hirizi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Basi leo nimweleze yeye, pamoja nawe msomaji mpenzi, habari ya shanga hizo na ya mtu aliyezianzisha. Jina lake twalisikia tangu tungali skuli, na kaburi lake liko hapa hapa Kenya, lakini wanaomjua sawasawa ni wachache.

Shanga zenyewe sikuletewa kutoka Uingereza. Nilizitafuta kwa jasho langu katika Homa Bay na Migori, miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu kijana niliyetolewa pwani nikapelekwa kufundisha bara. Siku hizi Homa Bay na Migori ni kaunti mbili mbalimbali, lakini wakati ule zote zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, na makao yake makuu yalikuwa Homa Bay, kando ya ziwa.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, padri na profesa wa hesabati katika Oxford, alikufa mtoto akiwa na miaka mitatu, na mama yake, Henrietta, ndiye aliyewalea watoto. Skuli hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alichokipenda ni kujipenyeza msituni nyuma ya skuli yake ya Charterhouse, kunasa sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi, walimu wasijue. Mwaka 1876 aliingia jeshini akapelekwa India na kikosi cha wapanda farasi. Huko alikuza ustadi wa upelelezi: kusoma nyayo, kuchora ramani, kulala porini, na kuwafundisha askari kwa vikundi vidogo vidogo badala ya kuwapigia kelele uwanjani.

Sitaficha kwamba mtu huyu alitumikia dola iliyotutawala. Mwaka 1888 alikuwa Zululand katika vita vya kumwinda Dinizulu. Mapema mwaka 1896 alikuwa katika msafara uliokwenda Kumasi kumkamata Prempeh, mfalme wa Asante, ambaye alihamishwa hata akafikishwa Ushelisheli, visiwa vile vile alivyopelekwa baadaye Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja kabla ya kuruhusiwa kuja Mombasa, alikofia mwaka 1927. Mwaka huo huo 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Baden-Powell aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa mfungwa mikononi mwao, apigwe risasi. Baraza la uchunguzi lilikaa, na yeye akaachiliwa.

Sifa yake ilipaa katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900, siku 217. Mle mjini wavulana walipangwa kikosi cha kupeleka barua na taarifa, na inasemekana hapo ndipo alipoona kwamba kijana akipewa kazi ya kweli huitenda kweli. Lakini mle mle Waafrika walipata chakula kidogo kuliko wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Wanahistoria wengine wamemlaumu, wengine wamemtetea.

Aliporejea kwao alikuta kitabu chake kidogo cha upelelezi, alichowaandikia askari, kimekuwa kikisomwa na walimu na vijana. Akafikiri. Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapata 20 hadi kisiwa cha Brownsea, nusu wana wa matajiri na nusu wana wa wafanyakazi, akawachanganya na kukaa nao kambini siku nane hivi. Jambo hilo Uingereza ya siku zile halikuwa dogo. Mwaka uliofuata alitoa Scouting for Boys, kwa sehemu sita, moja kila wiki mbili, peni nne kila sehemu.

Hapa nakuomba msomaji utulie kidogo, maana watu wengi husimulia kana kwamba hadithi imekwisha na yaliyobaki ni kofia na filimbi.

Kitabu kilipotoka, wavulana hawakungoja mkubwa. Walikinunua, wakajikusanya sita sita au wanane wanane, wakajiita maskauti, kisha wakaenda kubisha milango wakitafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka 1909 walikusanyika zaidi ya 10,000 katika jumba la Crystal Palace, London, na miongoni mwao walikuwamo wasichana ambao hawakualikwa na mtu. Ndipo mwaka 1910 vikaanzishwa vikundi vyao chini ya dada yake, Agnes. Vijana walikuwa tele. Waliokosekana ni watu wazima. Waliokuja kwa kujitolea, bila mshahara, walikuwa wa aina nyingi: wanajeshi wastaafu waliojua kulia-kushoto tu, na watu wema wa moyo wasiojua hata kuwasha moto. Baden-Powell hakutaka kiongozi awe ofisa wala mwalimu wa darasani, bali mfano wa kaka mkubwa. Sasa kaka mkubwa hufundishwa vipi? Alijaribu mihadhara na kambi fupi fupi, kisha vita vya 1914 vikawachukua viongozi hao, na wengi wao hawakurudi.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wema wa moyo wasiojua kitu. Mwalimu mkuu alinikabidhi kundi la maskauti kwa sababu nilikuwa kijana, sina mke, na jioni sina pa kwenda. Nilipewa filimbi na kitabu kilichokwisha kung'oka jalada. Sikukisoma. Nilijiona najua, maana nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu.

Jumamosi moja niliwatembeza vijana ukingoni mwa bonde la Lambwe, palipo na mbuga ya Ruma, yenye nyati, na yale makorongo ya swala wakubwa ambao Kenya hawapatikani pengine. Nilitangulia nikiweka alama za njia kwa vijiti na mawe. Nilipofika penye njia panda nikachora duara, nikatia nukta katikati, nikidhani maana yake ni mkusanyike hapa. Nikasogea kivulini kidogo kungoja. Vijana wengi walikuja kwa kufuata sauti yangu. Wawili wa mwisho hawakuja. Wale wawili, msomaji, kitabu walikuwa wamekisoma. Katika alama za maskauti, duara lenye nukta maana yake ni nimekwenda kwetu. Waliona alama ya mwalimu wao, wakaamini mwalimu amerudi nyumbani, nao wakageuka wakashika njia ya kwao peke yao, na giza linaingia.

Tuliwatafuta usiku kucha pamoja na wanakijiji, kwa taa za chemli, tukiita mpaka sauti zikakauka. Kila mlio wa mnyama niliufanya ndio. Niliswali alfajiri chini ya mti nikiwa siwezi kusimama sawasawa. Kulipokucha tukapata habari kwamba walifika kwao kabla ya usiku wa manane na wamelala zamani. Nilikwenda kwa mama wa mmoja wao kuomba radhi. Hakunifokea. Aliniwekea kiti, akanipa kibuyu cha uji, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kazi ile. Sikuwa na jibu, nikanywa uji kwa kuinamisha kichwa.

Jibu lilikuwa limepatikana mwaka 1919. Mwaka huo tajiri mmoja wa Scotland, William de Bois Maclaren, alitoa fedha za kununulia shamba la Gilwell, karibu na msitu wa Epping nje ya London. Nyumba ilikuwa imeachwa ikaharibika, magugu yamejaa. Huko, mwezi wa Septemba 1919, mafunzo ya kwanza ya viongozi wa kujitolea yalifanywa chini ya Francis Gidney. Busara yake ilikuwa katika mtindo. Watu wazima waligawanywa vikosi kama watoto, wakalala katika hema, wakapika wenyewe, wakapokezana ukuu wa kikosi, wakakosea na kusahihishana. Aliyemaliza akapewa shanga za mti. Shanga za mwanzo zilitolewa katika mkufu ambao Baden-Powell aliupata Zululand mwaka 1888, na husemwa ulikuwa wa Dinizulu. Wengine husimulia kwamba alipewa, wengine kwamba aliuokota katika kambi iliyohamwa. Zilipopungua zikachongwa nyingine kwa mfano wake, na ndizo zinazotolewa duniani kote hadi leo, chini ya jina la Wood Badge.

Mtindo huo ndio nilioukuta Homa Bay. Tulikuwa walimu, karani, fundi cherehani, na mvuvi mmoja kutoka upande wa Mbita, sote watu wazima wenye kaptura. Siku ya kwanza mimi niliyesomea ualimu niliunguza sufuria ya omena, na mvuvi ndiye aliyeniokoa. Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Kijaluo, Mkristo, mpole kama maji ya mtungini. Hakutoa mhadhara mrefu hata mmoja. Ukifunga fundo vibaya hakuling'oa. Alikuachia hema lianguke mvua ikinyesha. Alipotufikisha kwenye alama za njia, nilinyoosha mkono nikasimulia mbele ya wote yaliyonipata Lambwe. Alicheka kidogo, kisha akanipa kazi ya kufundisha somo hilo mwenyewe siku ya pili.

Mimi na mwenzangu mmoja wa Kendu Bay, mji wenye msikiti wa miaka mingi na Waislamu wa tangu zama za wafanya biashara, tulikuwa na wasiwasi na ile ahadi ya maskauti. Tukaona kwamba wajibu unaotajwa kwanza ni kwa Mungu, na kila mtu kwa dini yake. Mzee alipanga ratiba sala isitupite, bila kuombwa mara ya pili. Wala sisi hatukuwa wa kwanza, kwani Unguja uskauti ulikwisha ingia tangu mwaka 1912.

Lakini usiku mmoja kandokando ya moto mwalimu mmoja wa Kuria alizusha habari ya Uwini na ya njaa ya Mafeking. Akaongeza ya Afrika Kusini, ambako vijana weusi walizuiwa wasiingie uskauti, wakapewa chama chao mbali kilichoitwa Pathfinders, na Baden-Powell alipokwenda huko mwaka 1936 aliridhia vyama vitengane chini ya mwavuli mmoja. Aliuliza kwa nini basi tumvalie skafu mtu huyu. Kimya kikaingia, na mzee hakukimbilia kumtetea. Alisema hayo yote ni kweli na kila kiongozi ayajue, kwa kuwa kijana mwerevu atayauliza. Mimi tangu siku hiyo sijamfanya Baden-Powell mtakatifu, na wala sijaona sababu ya kuitupa njia yake ya kufundisha. Yule mwalimu wa Kuria naye alimaliza mafunzo.

Kupata shanga hakukwisha Homa Bay. Nilikwenda Nairobi, kambi ya Rowallan kule Jamhuri, kisha nikarudi kulitumikia kundi langu miezi mingi huku nikikaguliwa. Siku nilipovishwa, Migori, baadhi ya wazazi walikuwapo. Mama aliyenipa uji alikuwamo, amekaa mstari wa mbele.

Baden-Powell mwenyewe alioa akiwa na miaka 55, mwaka 1912, binti aliyeitwa Olave, wakapata watoto watatu. Mwaka 1929 alipewa ulodi, na jina la ulodi alilochagua si Mafeking iliyompa sifa, bali Gilwell. Mwaka 1938, moyo wake ukiwa umedhoofu, walihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker aliyewahi kuwa karani wake. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, basi hii wakaiita Paxtu, yaani Pax ya pili. Huko alichora wanyama na ndege, akaandika barua, akautazama Mlima Kenya. Alikufa tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Olave alipofariki mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa pamoja naye.

Kila mwaka, siku ya 22 Februari, maskauti huenda kulizuru kaburi hilo. Mwaka mmoja nilikwenda na vijana wa Migori, safari ndefu ya kupita Kisumu na Nakuru. Hakuna sanamu wala mzinga. Juu ya jiwe jeupe limechorwa duara lenye nukta katikati. Nilikuwa nimesimama na mmoja wa wale vijana wawili wa Lambwe, sasa mtu mzima, naye amekuja na kundi lake mwenyewe. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa skafu asicheke makaburini.