Daktari wa Lambaréné

Marehemu Daktari Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 huko Alsace, iliyokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Alikuwa mwalimu wa elimu ya dini na mpiga kinanda mashuhuri alipoamua kusomea udaktari. Mwaka 1913 alifika misheni ya Lambaréné, Gabon, kando ya mto Ogooué, pamoja na mkewe Helene, aliyekuwa muuguzi.

Alianza kutibu watu katika banda la kuku. Wagonjwa waliletwa kwa mitumbwi, wakifuatana na jamaa waliowapikia na kuwauguza, naye akawaruhusu wakae nao. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu, Wafaransa walimkamata na kumpeleka Ulaya. Aliporudi mwaka 1924 alikuta msitu umemeza majengo, akajenga upya. Fedha za Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952 alizitumia kujengea kijiji cha wakoma.

Lakini alijihesabu kuwa kaka mkubwa wa Waafrika, na kwa hilo alilaumiwa kwa haki. Alifariki mwaka 1965, Gabon ikiwa huru miaka mitano, akazikwa palepale miongoni mwa aliowatibu.