Tusiwasahau waliofikisha mashua Ujiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze habari za baharia mmoja ambaye jina lake limo katika historia ya Ziwa Tanganyika. Huyu ni Kapteni Edward Coode Hore, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1848. Sisi wakazi wa Tabora tunahusika na habari zake kuliko tunavyodhani.

Hore alikuwa baharia wa meli kubwa. Mwaka 1877 aliingia katika msafara wa Chama cha Wamisionari cha London uliotoka pwani kwenda Ujiji. Wakuu wa msafara walitaka mizigo ivutwe na magari ya ng'ombe badala ya kubebwa na wapagazi. Mpango huo haukufika mbali. Mbung'o waliwaua ng'ombe, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Hore na wenzake wawili walifika Ujiji Agosti 1878. Mwezi mmoja tu baadaye mkuu wao, Thomson, akafariki. Mwenzao mwingine, Dodgshun, alifika mwaka 1879, naye akafa baada ya siku chache.

Hore hakurudi nyuma. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa wa Ujiji walimshuku, wakidhani amekuja kupeleleza biashara yao. Yeye alinunua chombo cha wenyeji kilichochongwa kwa gogo, akakitengeneza na kukiwekea tanga, akakiita Calabash, yaani Kibuyu. Kwa chombo hicho alizunguka ziwa akipima pwani zake. Mwaka 1879 alifika Mto Lukuga, upande wa Kongo, akaona maji ya ziwa yakitoka kwenda magharibi. Jambo hilo lilikuwa limewagonganisha vichwa wasafiri wa Ulaya, maana Cameron mwaka 1874 alisema ziwa linatokea hapo, na Stanley mwaka 1876 akakuta mto umeziba.

Hore alirudi Uingereza, akaoa, na mwaka 1882 akaja tena na kazi ngumu kuliko zote. Alileta mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star, ikiwa imegawanywa vipande vipande. Alikuwa amejifunza kwa wale ng'ombe waliokufa. Safari hii vipande viliwekwa juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu. Walitoka Saadani, wakapita Mpwapwa na Ugogo, wakakata nchi ya Wanyamwezi, na Februari 1883 wakafika Ujiji. Mwaka huo huo mashua iliunganishwa ikaelea ziwani.

Ndugu Mhariri, hebu wasomaji wafikirie kazi hiyo. Mikokoteni ilivutwa katika njia ya mguu, penye mchanga, mawe na mito isiyo na madaraja. Kipande kimoja kingepotea, mashua isingeelea. Mamia ya watu walivuta na kubeba, na mashua ikafika.

Mwaka 1885 mke wake, Annie, alifika Ujiji na mtoto wao mdogo, akiwa amebebwa kitini na wapagazi kutoka pwani. Mwaka 1886 kitabu chake juu ya safari hiyo kilitolewa. Mwaka 1885 pia meli ya mvuke Good News iliteremshwa majini kusini mwa ziwa, baada ya vipande vyake kuletwa kwa njia ya Ziwa Nyasa. Hore na mkewe waliishi Kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya Kongo, hadi walipoondoka mwaka 1888. Baadaye alifanya kazi katika meli ya wamisionari huko Pasifiki, na alifariki Tasmania mwaka 1912.

Simnyimi Hore sifa yake. Alikuwa fundi na baharia hodari, na alivumilia pale wenzake walipokufa. Lakini wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya Morning Star ilikuwa watu wetu. Miaka thelathini hivi baadaye Wajerumani nao walileta Graf Götzen, ambayo sasa ni Liemba, ikiwa vipande vipande. Ililetwa kwa reli iliyopita hapa Tabora, ikateremshwa majini Kigoma mwaka 1915. Watoto wetu wanaijua Liemba. Ile iliyokuja kabla ya reli, kwa jasho la wapagazi, hawaijui.

Tuna makumbusho Kwihara na Ujiji, na zote mbili zinamkumbuka Livingstone. Naomba wahusika watenge humo sehemu ya kuwaonyesha wapagazi na mikokoteni yao. Walimu wa Tabora na Kigoma nao wawaulize wazee habari za safari za pwani walizosimuliwa na babu zao, waziandike. Tukichelewa, historia hii itabaki kuwa ya aliyeagiza mashua, na si ya walioifikisha.

Msomaji wako,
Tabora.