Daniki Mbili, Dirhamu Tano: Maisha na Mauti ya Ibn Sina



Ndugu zangu, katika darasa letu la falsafa ya Kiislamu Ibn Sina huja haraka na kuondoka haraka. Tunaandika tarehe zake, tunaandika kwamba Imamu Ghazali alimjibu katika Tahafut al-Falasifa na kumkatalia vikali katika masuala matatu, kisha tunafunga daftari. Shauri hilo sitalifungua tena hapa. Nataka kueleza jinsi mtu huyu alivyoishi na dawa, na jinsi dawa zilivyochangia kifo chake, kwa sababu Ramadhani iliyopita nilijifunza kwa njia mbaya kwamba jambo hilo halikuzikwa pamoja naye.

Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijiria, yaani 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Baba yake alitoka Balkh, akawa mtumishi wa serikali ya Wasamani. Mtoto alipofika miaka kumi alikuwa amekwisha kuhifadhi Qur'ani. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga (nikipita soko la Nakasero huwa namkumbuka mwalimu huyo), na fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid. Udaktari yeye mwenyewe hakuuhesabu kuwa elimu ngumu. Akiwa na miaka kumi na sita, madaktari wakubwa kuliko yeye walikuwa wakimjia kusoma kwake. Metafizikia ya Aristotle ndiyo iliyomshinda: aliisoma mara arubaini bila kuielewa, mpaka siku moja sokoni akauziwa kwa dirhamu tatu kijitabu cha al-Farabi kilichomfungulia mlango. Kesho yake alitoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Alipokuwa na miaka kama kumi na saba alishiriki kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, na malipo aliyoyaomba ni ruhusa ya kuingia maktaba ya ikulu. Baadaye baba akafariki, dola ya Wasamani ikaanguka, na kijana akaanza maisha ya kuhama mji hadi mji. Alikwenda Gurganj, kisha akasafiri kwa shida hadi Jurjan akimtafuta Amiri Qabus, aliyesifika kwa kuwapenda wanazuoni. Alipofika akakuta Qabus amekamatwa na amefia kifungoni. Safari ilikuwa ya bure, isipokuwa kwa jambo moja: huko Jurjan alikutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyeandamana naye kwa miaka ipatayo 25. Karibu yote tunayoyajua juu ya nusu ya pili ya maisha yake yametoka kwenye kalamu ya Juzjani.

Kutoka Jurjan walikwenda Rayy, mji ambao magofu yake yako pembeni mwa Tehran ya leo. Aliyetawala kwa jina alikuwa kijana Majd al-Dawla, na mwenye amri hasa alikuwa mama yake. Kijana yule alishikwa na sauda, ugonjwa wa huzuni nzito na mawazo yaliyopotoka, na Ibn Sina akapewa kazi ya kumtibu. Kwa hiyo magonjwa ya akili hakuyajua vitabuni tu. Alikuwa na mgonjwa mbele yake, tena mgonjwa mwenye taji, na mama wa mgonjwa akisubiri matokeo.

Katika kitabu chake kikuu, al-Qanun fi al-Tibb, ugonjwa huo amewaeleza katika sura ya maradhi ya kichwa na ubongo, pamoja na kichaa, kifafa na mapenzi yanayomkondesha mtu. Kwa huyu wa mwisho alielekeza daktari ashike mapigo ya mkono huku akitaja majina ya watu na mitaa. Mapigo yakiruka kwenye jina fulani, ugonjwa umejulikana. Nadharia yake ya sauda, kwamba ni nyongo nyeusi iliyozidi mwilini, leo imeachwa. Ila utaratibu wake wa kutoa dawa haujaachwa, na hapo naomba tukae kidogo.

Juzuu ya pili ya al-Qanun inaorodhesha dawa zaidi ya 700, lakini kabla ya kuzitaja anaweka masharti ya kuijua dawa kwa majaribio. Dawa ipimwe ikiwa safi, haijachanganyika na sifa ya kigeni. Ipimwe kwa mtu mwenye ugonjwa mmoja, kwani kwenye maradhi mawili hutajua imefanya kazi kwa lipi. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, na daktari aanze na kiasi kidogo apande polepole. Muda uangaliwe: imefanya kazi mara tu ilipoingia, au baadaye, wakati ambapo huenda sababu ni nyingine? Matokeo yajirudie, maana yaliyotokea mara moja huenda yametokea kwa bahati. Tena ijaribiwe kwa binadamu, si kwa simba au farasi tu, kwa kuwa miili haifanani. Haya yaliandikwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Daktari wa akili anayeanza na nusu kidonge na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki mbili anafuata mwendo huohuo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Jurjan.

Kuna kisa mashuhuri ambacho Nizami Arudi wa Samarkand alikiandika zaidi ya miaka mia moja baada ya Ibn Sina kufariki, kwa hiyo kichukuliwe kama kisa. Mmoja wa watu wa ukoo wa Kibuyi aliamini amekuwa ng'ombe. Alilia kama ng'ombe, akagoma kula, akataka achinjwe nyama yake ipikwe. Ibn Sina akaingia na kisu kama mchinjaji, akampapasa mbavu, akasema ng'ombe huyu amekonda mno, alishwe kwanza. Mgonjwa akaanza kula, na pamoja na chakula akapokea dawa alizoandikiwa, akiambiwa kwamba zinanenepesha. Baada ya mwezi akapona. Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi kinanitatiza, kwa sababu najua familia zinazosaga vidonge na kuvitia kwenye chai ya mgonjwa kimyakimya, kisha kila mwenye huruma nyumbani anatia chake, na hakuna anayejua jumla ni kiasi gani. Wa kwenye kisa angalau alikuwa na daktari mmoja aliyejua kila kilichoingia tumboni mwake.

Baada ya Rayy alifika Hamadan. Alimtibu Amiri Shams al-Dawla msokoto wa tumbo kwa siku arubaini, akafanywa waziri, askari wakaasi na kuivamia nyumba yake, akajificha, akarudishwa uwaziri. Mchana ulikuwa wa serikali, usiku wanafunzi walikusanyika kwake kusoma al-Qanun. Juzjani haifichi pia mvinyo katika vikao vile, wala mimi sitaificha, kwani hatuandiki sifa za walii. Shams al-Dawla alipokufa, Ibn Sina alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na mwishowe akatoroka kwenda Isfahan akiwa amevaa mavazi ya masufi, pamoja na ndugu yake, Juzjani na watumwa wawili. Huko Amiri Ala al-Dawla alimpokea kwa heshima.

Sasa mauti. Ala al-Dawla alikuwa vitani na Ibn Sina akiwa pamoja naye, ndipo msokoto wa tumbo ukamshika yeye mwenyewe. Aliogopa jeshi likirudi nyuma asiweze kusafiri na ugonjwa. Akataka apone upesi. Basi kwa siku moja alijiingizia dawa kwa njia ya haja kubwa mara nane, hadi utumbo ukachubuka, na kikafuata kifafa. Mtu aliyewafundisha watu kupanda polepole aliivunja kanuni yake kwa sababu ya haraka.

Kisha akaagiza katika dawa ile zitiwe daniki mbili za mbegu za karafsi, mmea ambao sokoni tunauita selari, ili kuvunja gesi tumboni. Daktari aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu tano. Daniki ni sehemu ya sita ya dirhamu, kwa hiyo daniki mbili ni theluthi moja ya dirhamu. Gawanya mwenyewe: alipewa mara kumi na tano ya alichoagiza. Ukali wa zile mbegu ukazidisha michubuko. Kwa ajili ya kifafa alikuwa akitumia dawa ya mchanganyiko iliyokuwa maarufu siku zile, na mmoja wa watumwa wake akatia humo afyuni nyingi, akamlisha. Walikuwa wameiba mali nyingi katika hazina yake na waliogopa akipona atawabaini. Afyuni si kitu asichokijua. Katika kitabu chake alikuwa ameonya kwamba inaua.

Alibebwa hadi Isfahan, akajitibu, akapata nafuu kiasi cha kuhudhuria baraza, lakini hakujizuia na yale yaliyomdhoofisha, ugonjwa ukawa unakwenda na kurudi. Aliposafiri na amiri kwenda Hamadan nguvu zikamwisha njiani. Hapo akaacha dawa zote, akiona kwamba kile kinachouendesha mwili wake hakiwezi tena kuuendesha. Inasimuliwa kwamba alioga, akatubu, akawapa maskini mali yake, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Alifariki Ramadhani ya mwaka 428, Juni 1037, akiwa na miaka 58 kwa hesabu ya mwezi. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu.

Nimesema Ramadhani iliyopita. Mwenzangu wa hosteli, jina lake nalihifadhi, anatumia lithiamu. Kwa anayeihitaji, dawa hii hutuliza hisia zinazopanda hadi wazimu na kushuka hadi kutamani kufa, na tangu John Cade wa Australia alipoeleza matumizi yake mwaka 1949 imeokoa watu wengi. Lakini nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachotia sumu ni nyembamba. Damu hupimwa saa 12 baada ya dozi, na kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita; ikipita 1.5 hatari imeingia. Figo na tezi ya shingo nazo huchunguzwa kila baada ya miezi kadhaa. Mwaka uleule wa 1949, huko Marekani, watu waliokuwa wakitumia lithiamu mezani badala ya chumvi, bila kipimo chochote, walikufa.

Mwenzangu alikuwa akimeza asubuhi na usiku. Ramadhani ilipoingia hakumuuliza daktari. Alizikusanya dozi zote mbili wakati wa daku, kisha akafunga. Hapa kwetu karibu na ikweta saumu ni saa 13 na ushee kila mwaka, na yeye alikuwa hanywi maji ya kutosha usiku. Mwili ukikauka, figo huishikilia lithiamu badala ya kuitoa. Kichwa kikawa kinamuuma. Mimi nikampa ibuprofeni niliyoinunua duka la dawa, siku nne mfululizo baada ya futari. Sikujua kwamba ibuprofeni nayo huizuia lithiamu isitoke, wala sikuuliza anatumia nini. Siku ya tano mikono ikamtetemeka, akatapika, ulimi ukawa mzito, akatembea kama mlevi. Tulianza na ruqya, na sijuti kusoma Qur'ani. Ninachojutia ni yale masaa matatu tuliyoyapoteza kabla ya kuita gari.

Alipona, alhamdulillahi. Daktari aliyempokea hakumgombeza mtu. Aliuliza tu ni kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujibu kwa uhakika. Mwaka huu mwenzangu alikwenda kliniki tangu Shaabani. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo tunalisoma katika aya za saumu za Suratul Baqara katika tafsiri ya mwezi huo. Lakini uamuzi wake kama anaweza kufunga, kwa dozi ipi na kwa vipimo vipi vya damu, wameufanya yeye na daktari wake, na mimi nimeambiwa maumivu yakija nimpe parasetamoli au nisimpe kitu.

Kuhusu zile dirhamu tano, Juzjani ameandika kwamba yeye hakuwepo dawa ilipochanganywa, kwa hiyo hawezi kusema kama daktari yule alikusudia au alikosea. Ameziandika daniki alizoagiza mwalimu wake, akaziandika dirhamu zilizotiwa, akaendelea na habari ya afyuni.